Plagi, kabureta au tapeti? Pa kuanzia pikipiki ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi

Kipupwe kikiingia Nairobi, kati ya Juni na Agosti, waendesha bodaboda wanaotoka Kinoo, Uthiru au Dagoretti saa kumi na moja alfajiri hukutana na shida ambayo Februari haikuwepo. Unapiga kiki, injini inakohoa, inazima. Unapiga tena, kimya. Jasho linakutoka kwenye baridi ya nyuzi 11, mteja wa kwanza anachukuliwa na mwenzako, na kufikia saa nne uko Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ukiulizia bei ya kabureta mpya.

Usianzie huko. Una njia nne mbele yako: kubadilisha plagi inayotoa cheche, kusafisha kabureta uliyo nayo, ile inayochanganya petroli na hewa, kurekebisha tapeti, yaani skrubu zinazoweka mwanya wa vali (milango ya silinda), au kununua kabureta nyingine. Kila moja ni dawa ya ugonjwa wake na ni pesa iliyopotea bure kwa ugonjwa wa mwenzake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na plagi hata kama unaamini haina kosa, kwa sababu plagi ikitoka inakuonyesha kinachoendelea ndani ya silinda. Kabureta mpya iwe ya mwisho kabisa. Katikati hapo kuna tapeti, ambazo watu wengi huzisahau hadi fundi wa tatu.

Kwa nini baridi, na kwa nini hapa

Petroli ikiwa ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa na joto, uwiano kamili ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Alfajiri ya baridi sehemu kubwa ya petroli hubaki matone, inashika kwenye kuta za inteki, yaani njia inayoingia kwenye silinda, na za silinda yenyewe, na mvuke unaofika kwenye plagi hautoshi. Ndiyo maana injini baridi huomba petroli ya ziada, na kazi ya choki ni hiyo tu.

Nairobi ina jambo la pili. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Ukipanda Limuru, kwenye mita 2,200 na zaidi, inapungua tena. Kabureta haina habari na hayo. Inaendelea kutoa petroli karibu ile ile huku hewa ikiwa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko huelekea kuwa mzito wa petroli. Baridi inataka petroli zaidi, mwinuko tayari umeizidisha. Pikipiki iliyowekwa sawa Mombasa, ikiletwa Kikuyu mwezi wa Julai, inaweza kuloa plagi kwa kiki chache tu za choki. Hali hizi mbili zinafanana ukiwa umeshika usukani, kwa sababu zote mbili pikipiki haiwaki, lakini tiba zake zinapingana kabisa.

Choki au eksileta?

Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha kosa haliko kwenye mkono wako. Choki za pikipiki ndogo ni za aina mbili. Moja ni kibamba kinachoziba mdomo wa kabureta ili hewa ipungue. Ukivua mpira unaotoka kwenye filta ya hewa utakiona kikigeuka. Nyingine ni kipistoni kidogo kinachofungua njia ya pembeni ya kuongeza petroli. Kwa aina hii ya pili, ukivuta eksileta wakati wa kupiga kiki unaua mvuto unaonyonya petroli ya ziada, na ni kama hujaweka choki. Weka choki, ondoa mkono kwenye eksileta, piga kiki moja ndefu hadi chini. Kwa ile ya kibamba unaweza kuigusa eksileta kidogo.

Wengi huzungusha eksileta mara kadhaa kabla ya kiki wakidhani wanapampu petroli. Kabureta nyingi za pikipiki za kazi hazina pampu ya namna hiyo. Mlango wa hewa unapanda na kushuka tu, na hakuna kinachorushwa ndani.

Ikishawaka, rudisha choki mara injini inapoweza kujisimamia. Kwa hali ya hewa yetu hiyo ni nusu dakika, pengine dakika moja na kidogo. Anayeondoka Kangemi na kufika Westlands choki ikiwa bado juu anaijaza plagi masizi na kuosha oili kwenye kuta za silinda, na kesho yake shida inakuwa kubwa kuliko ya leo.

Na kama umeshapiga kiki nyingi na unasikia harufu ya petroli, injini imefurika. Funga koki ya petroli, rudisha choki, vuta eksileta hadi mwisho na uishikilie hapo, kisha piga kiki kadhaa. Hewa nyingi itaingia na kukausha. Ikiwaka, rudisha eksileta taratibu na ufungue koki.

Soma dalili kwanza

Dalili hizi ndizo zinazokuambia uelekee upande gani, na ningependa kila mwendeshaji azijue kama anavyozijua njia za mtaa wake.

Pikipiki inawaka kwa choki, lakini ukiirudisha tu inazima, na inakuwa hivyo hata baada ya dakika tano. Hiyo ni njaa ya petroli kwenye mwendo wa chini. Mshukiwa ni jeti ndogo ya kabureta, kipande chenye tundu la kupitishia petroli, iliyoziba, au mpira wa inteki uliopasuka na unaovuta hewa ya wizi. Hapa plagi mpya haitakusaidia kitu.

Inawaka asubuhi bila choki kabisa, halafu inatoa moshi mweusi na kunguruma kwa uzito. Hiyo ina petroli kupita kiasi: boya linalopima petroli ndani ya kabureta limekaa juu, sindano ya boya haifungi, filta ya hewa imejaa vumbi, au choki yenyewe imekwama nusu.

Haikohoi, haitoi dalili yoyote ya uhai. Anza na moto wa plagi.

Inakataa kiki, inakataa stata, lakini ukisukumwa mteremkoni inashika na kutwa nzima haisumbui. Hiyo mara nyingi ni kompresheni iliyopungua, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, na kwanza kabisa angalia tapeti. Kusukumwa kunaizungusha injini kwa kasi na kwa muda mrefu kuliko mguu wako, hivyo hata silinda inayovuja hupata mgandamizo wa kutosha. Injini ikipata joto, oili inaenea na uvujaji unapungua, nawe unasahau hadi kesho alfajiri.

Kiki inawasha vizuri ila stata inalia kinyonge. Hiyo ni betri. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na ile iliyokuwa ikijikokota Machi inafia Julai. Usiiguse kabureta.

Plagi dhidi ya kabureta

Tukiziweka hizi mbili kando kwa kando, plagi inashinda kwa kila kipimo cha mwanzo. Bei yake ni mia chache za shilingi, inatoka kwa spana moja, na huhitaji fundi. Kabureta ikifunguliwa vizuri inataka muda, mahali safi, na mkono uliotulia. Faida kubwa ya plagi kwangu, hata hivyo, ni kwamba inatoa ushahidi.

Itoe mara tu baada ya kiki kadhaa zilizoshindwa. Iangalie kwenye mwanga. Ikiwa imekauka kabisa na haina harufu, petroli haifiki, basi nenda kwenye koki, kwenye mrija na kwenye kabureta. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, petroli inafika ila haiwaki, kwa hiyo tafuta moto au punguza choki. Masizi makavu meusi yanayotoka kwa kidole ni mchanganyiko mzito wa siku nyingi. Utando mweusi unaong'aa na kuteleza ni oili, na hiyo inakupeleka kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za vali. Kahawia hafifu kama rangi ya chai ya maziwa ni afya. Nyeupe iliyochomeka inaonyesha injini inakosa petroli.

Kupima moto, irudishe plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mapezi ya injini mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu hilo unaweza kushika moto. Shika kwenye mpira wa kofia tu, sio kwenye chuma. Piga kiki. Unatafuta cheche ya buluu inayotoa mlio wa kukatika. Ile ya manjano nyembamba ni dhaifu, na ndani ya silinda yenye mgandamizo itazidi kudhoofika. Pima pia mwanya wa plagi: kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, na kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo chake. Kadiri plagi inavyotumika, mwanya hupanuka, na moto unahitaji nguvu zaidi kuuvuka.

Kabla hujalaumu plagi, vua kofia yake utazame ndani. Pikipiki nyingi Nairobi huoshwa kwa mashine ya presha jioni, na maji hujificha humo. Usiku wa baridi hayakauki. Jirani yangu wa stejini alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi na pesa mkononi.

"Fundi, kabureta imekufa, niwekee mpya."

"Weka pesa yako mfukoni kwanza, mkubwa. Jana uliiosha wapi?"

Kofia ilikaushwa kwa kitambaa, kipande kidogo cha waya wa plagi kilichooza ndani kikakatwa, ikafungwa tena, na pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza.

Kusafisha kabureta au kununua mpya?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabureta ikiwa ndiyo yenye kosa asubuhi ya baridi, mara nyingi shida iko kwenye njia ya mwendo wa chini, na njia hiyo inategemea jeti ndogo. Ukiishika mkononi ni kipande cha shaba ya manjano kisichozidi ukucha, na tundu lake ni dogo kuliko nusu milimita. Ielekeze mbinguni. Ukiona nukta ya mwanga iliyo duara kamili, iko sawa. Ukiona mwezi mwandamo, au giza, umempata mwizi wako. Petroli iliyokaa huacha utando wa gundi humo, na vumbi la barabara za pembeni likichanganyika nalo, tundu linaisha.

Namna ya kusafisha ina uzito kuliko uamuzi wa kusafisha. Dawa ya kopo ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa vinatosha, pengine baada ya kuiloweka. Mwambie fundi asipitishe utembo wa waya wa klachi. Chuma kile ni kigumu kuliko shaba. Tundu la milimita 0.35 likipanuliwa likawa 0.40, eneo lake limeongezeka kwa karibu asilimia 30, na hakuna skrubu itakayorudisha hali hiyo. Pikipiki itawaka vizuri siku ile na wewe utamshukuru, halafu itaanza kunywa petroli na kuchafua plagi.

Skrubu ya mchanganyiko ina jambo lake pia. Kabla haijatolewa, ifungwe taratibu hadi ikae huku mizunguko ikihesabiwa, ili irudi palepale. Kwa kawaida ni kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Ikiwa skrubu iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa iko upande wa filta, kuifungua kunaongeza hewa. Anayeizungusha bila kujua ipo upande gani anabahatisha.

Kabureta ikiwa wazi, badilisha sindano ya boya na gasketi ya bakuli la chini linalokaa petroli. Seti yake inauzwa tayari na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kabureta nzima. Angalia pia mpira wa inteki kwa kuukunja. Mipasuko midogo hujificha kwenye mikunjo. Njia ya kuipima injini ikinguruma ni kunyunyizia tone la dawa ya kabureta kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia hapo. Fanya hivyo uwanjani, mbali na sigara na ekzosi.

Sasa ile mpya. Inajaribu kwa sababu inang'aa na kazi inaisha haraka. Tatizo ni kwamba kabureta nyingi za kuiga zilizojaa madukani zinafanana kwa nje, za milimita 26 na za 27 zinakaa rafu moja, ila jeti zilizomo hazikuchaguliwa kwa ajili ya injini yako wala kwa mwinuko wetu. Unaweza kutoa kabureta halali iliyoziba tundu moja na kuweka nyingine ambayo haitakaa sawa kamwe. Ukinunua, usiache ile ya zamani kwa fundi. Ondoka nayo, kwa sababu jeti zake bado zina kazi.

Kabureta mpya ina haki yake katika hali chache: mwili umepasuka, mlango wa hewa umelika hadi unacheza ukiugusa, nyuzi za skrubu zimekwisha, au skrubu ya mchanganyiko imekatikia ndani. Nje ya hapo, safisha.

Tapeti dhidi ya ringi

Fundi akikuambia kompresheni imekwisha, kuna swali la bei kubwa nyuma yake. Kurekebisha tapeti ni kazi ya kufungua vifuniko viwili, vibamba vya kupimia na spana ndogo. Ringi inataka kichwa cha silinda kitoke. Usikubali injini ifunguliwe kabla ya jaribio hili.

Toa plagi, mimina kijiko kidogo cha chai cha oili kwenye tundu, zungusha injini kidogo, halafu irudishe plagi na usikilize kiki. Ikiwa ghafla imekuwa nzito, oili imeziba mwanya kati ya pistoni na silinda, na ringi ndizo zenye kosa. Ikiwa nyepesi vilevile, hewa inatokea kwenye vali, na hapo tapeti ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

Tapeti iliyokaza sana huiacha vali wazi kidogo wakati inapaswa kuwa imefunga, hasa ile ya ekzosi. Wengi wanaogopa tapeti inayopiga kelele na wanamwambia fundi aikaze hadi inyamaze, na hapo ndipo kuwaka asubuhi kunapoanza kuwa taabu. Mwanya wake ni mdogo mno, sehemu chache tu za mia za milimita, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Pikipiki iliyotoka safari ya Rongai na kuegeshwa nusu saa haijapoa. Ukiweza, peleka asubuhi bila kuiwasha.

Petroli na oili

Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na ukinge kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji hukaa chini kama shanga zinazotembea. Tangi lililolala nusu usiku wa umande hukusanya unyevu, na kifuniko kilichooshwa kwa presha huingiza zaidi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haionekani hivyo. Utaitambua kwa harufu, na kwa pikipiki inayokuwa nzito kuwaka tangu siku uliyojaza mahali fulani, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kwenye baridi. Mwaga, jaza kwingine, kisha ndipo uhukumu kabureta.

Oili ya 20W-50 ni nzito zaidi asubuhi kuliko ya 10W-40, lakini kwa nyuzi 10 tofauti hiyo peke yake haizuii injini nzima kuwaka. Fuata kitabu cha pikipiki na usibadilishe oili ukitarajia itibu jeti iliyoziba.

Nani achague nini

Wewe unayeifanyia kazi kila siku na shida imeanza wiki hii: plagi, kofia yake, na bakuli la kabureta, kwa mpangilio huo, nyumbani kwako. Kama shida imekuwa ikikua polepole tangu mwaka jana, ukishaitazama plagi nenda moja kwa moja kwenye tapeti na filta ya hewa. Kama pikipiki ilikaa miezi bila kutembea, safisha jeti ndogo bila kusubiri ushahidi mwingine, na baadaye ukijua itakaa, funga koki na uiache inguruma hadi petroli ya bakuli iishe.

Na ukiamua kwenda kwa fundi, kubaliana naye kabla ya kazi kuanza kwamba pikipiki italala kwake. Saa saba mchana, injini ikiwa bado na joto la majaribio, karibu kila marekebisho yataonekana yamefaulu. Nenda alfajiri, gusa mapezi ya silinda uhakikishe ni ya baridi, piga kiki mwenyewe, kisha mmalizie pesa yake.